Aliyefutwa kwenye Daftari la Maombi

Kanisani kwetu Matonge, mtaa wetu huku ugenini, tunaandika majina ya wasio na kazi, tuwaombee. Anayepata kazi, jina lake linafutwa. Jumapili baba mmoja, aliyekuwa mwalimu Lubumbashi, alimwendea mama mwenye daftari, kofia mikononi.

“Maman, unirudishe kwenye liste.”

Mama akacheka. “Ee papa! Si ulipata kazi ya kusafisha ofisi? Bon, achia wengine nafasi.”

“Kazi iko. Lakini siku nzima hakuna muntu ananisalimia. Nikifika nyumbani, hata batoto nashindwa kubaongelesha.”

Mama akafunga daftari bila kuandika. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

Marehemu mume wangu naye tulimfuta alipoajiriwa. Tuliimba kushukuru, kana kwamba Mungu amemalizana naye. Mpaka anafariki, sikumwuliza kazi ile ilikuwa ikimfanya nini.