Mwanamke Aliyeotewa na Kila Mtu

Katika kanisa moja la maombi pale Kikula, mjini Likasi, mgeni asiye na pa kulala hupewa godoro, kikombe cha chai, na ndoto. Godoro hutandikwa nyuma ya ngoma za kwaya. Chai ni maji yaliyosikia habari za majani. Ndoto ndizo hazina kipimo: waumini humwotea mgeni usiku, na Jumatano mchana husimama kueleza Mungu amewaonyesha aende kukaa wapi. Ajabu ni kwamba Mungu hajawahi kumwonyesha mtu jambo linalopingana na haja zake.

Orpa alifika wakati jakaranda zimechanua, barabara zimetandikwa zambarau hata mashimo yakapendeza. Alikuwa amekimbia bunduki Uvira, akashuka kusini kwa chochote chenye magurudumu, na safari yake, kama alivyoambiwa, ilikuwa ya Zambia. Nani aliamua Zambia? Hakumbuki. Watu walikuwa wakienda huko, naye alikuwa katikati ya watu.

Njia nzima aliota ndoto moja. Mlango wa nyumba yake unagongwa, anataka kuushikilia, anatazama chini, hana mikono. Aliiota Kalemie, akaiota juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, akaiota hata akisinzia mchana kwa kusimama. Asubuhi ya kwanza Likasi aliamka akajikagua kama mtu aliyeibiwa: hakuna ndoto. Usiku ulikuwa umempita kama maji ya kina yasiyo na samaki. Akadhani ni uchovu. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nyuma ya vilima moshi mweupe wa viwanda ulipanda polepole, na upepo ukigeuka uliwasha koo. Pengine, aliwaza, ndoto haziuvumilii moshi ule, sawa na mbu.

Ndoto za waumini ziliuvumilia vizuri. Mama Danielle, shemasi, alimwona Orpa yuko Ndola, amenawiri, amebeba mfuko wa vinkubala, wale viwavi wakavu, anampelekea dada mmoja mnene. Binti wa Mama Danielle anaishi Ndola, ni mnene, na vinkubala ndio ugonjwa wake. Papa Casimir, mgane, dereva wa taksibisi ya Kakanda, alimwona Orpa akisonga bukari, ugali wa huku, katika nyumba yenye mlango wa buluu. Kanisa zima likageuka, maana mlango wa Casimir nani asiyeujua. Casimir akatazama viatu vyake.

“Rangi, Mungu njo alichagua,” akasema. “Hapana miye.”

Pasta Kazadi yeye alimwona Orpa ndani ya ndege. Kila Jumatano ndege, na theluji. Kanisa la jirani lilikuwa na muumini Kanada, na picha yake akiwa amevaa koti zito imetundikwa mlangoni pao. Hilo lilimnyima Pasta raha ya kula.

Ubaya ulianza Orpa alipomnong’oneza Mama Danielle kwamba yeye mwenyewe haoti kitu. Habari ilifika kwa Pasta kabla chai haijapoa, na hukumu ikatoka: bwana wa usiku, yule pepo anayeoa wanawake usingizini, amemwibia ndoto. Basi dogo la wasafiri lilikuwa linaondoka Jumamosi kwenda mpakani. Kabla ya hapo, mama huyu lazima aombewe ndoto zirudi, zithibitishe njia yake.

Orpa akaingiwa na hofu ambayo hata lori halikumpa. Zirudi? Alijua ni ipi itakayotangulia.

Jumatano wakamzunguka, mikono ikajaa kichwani pake kama ndizi kwenye mkungu. Pasta akaanza kuziamuru ndoto kutoka kaskazini, kutoka kusini, kutoka chini ya maji. Orpa akaiondoa mikono ile mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayefungua kilemba.

“Pasta, usiziite. Mimi ninazijua.”

Akawasimulia ule mlango. Hata mpiga ngoma, mtu asiyejua kunyamaza, akaweka vijiti chini.

“Ni hapa tu njo sijauona tena,” akasema. “Ndola siijui. Kanada siijui. Nitabakia hapa.”

“Lakini mama,” Pasta akasema kwa upole, “hapa ni fasi ya kupita.”

“Wenye kupita, bapite.”

Mama Danielle alikuwa wa kwanza kulia, ingawa vinkubala vilivyokosa mbebaji vilimuuma pia. Casimir akasema polepole kwamba mlango unaweza kupakwa rangi nyingine. Pasta Kazadi, ambaye hajawahi kushindwa na mtu, alifumba macho akatangaza kwamba ile ndege sasa anaiona vizuri zaidi: ilikuwa inatua.

Jumamosi basi likaondoka na wasafiri wengine. Orpa akawapungia mkono, kisha akapanda mtaani kutafuta chumba. Cha kwanza alikikataa. Cha pili kilikuwa kwa Mama Élise, mjane wa fundi wa kiwanda cha Shituru, ambaye alianza kumsifia bati, kisima na majirani. Orpa hakuuliza kodi. Aliomba ruhusa ajilaze kidogo sakafuni, aone kama ule mlango utamfuata na humu. Akavua viatu, akafumba macho. Mama Élise akasimama mlangoni na ufunguo mkononi, akingoja kuambiwa kama chumba kinafaa, mpaka aliposikia mkoromo.