Jumamosi Saba kwa Anti Selvi

Harufu ya unga uliochachuka ilitufikia kabla hatujavuka taa za barabarani, zile tuziitazo robot, kuingia Fordsburg. Ilikuwa harufu kali kidogo, ya kuamsha njaa, na nyuma yake ilikuja ile ya mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta ya moto. Asubuhi za Julai hapa Johannesburg ni kavu, baridi inauma masikio na pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Nilitembea nimeficha vidole ndani ya mikono ya sweta, hatua mbili mbele ya mwanamume ambaye sikutaka watu wadhani nimeandamana naye. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye aliitwa Tonton Bahati, yaani Mjomba Bahati kwa Kifaransa cha kwao, mtu wa Uvira huko Kongo, fundi wa kutengeneza cherehani, na alitaka kumwoa mama yangu.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na tangu hapo tulikuwa wawili tu, mimi na mama, katika chumba kimoja cha kupanga huko Mayfair. Mama alikuwa msusi, na Jumamosi ndiyo siku saluni ilipojaa kuliko zote. Tonton Bahati alipomposa, mama hakumjibu. Aliniita, akanikalisha kitandani, akasema mbele yake, "Mimi nimeridhika naye. Lakini humu tunaishi wawili. Kwa hiyo mtakwenda kula pamoja kila Jumamosi asubuhi, mjuane. Wewe ukisema hapana, ni hapana." Nikisimulia hivi leo, wapo wanaoniambia kwamba ule ulikuwa mzigo mkubwa mno kwa mtoto. Mimi sikuuona hivyo. Niliona nimeheshimiwa, nami nikaamua kuifanya kazi niliyopewa.

Anti Selvi alikuwa mama wa makamo kutoka Madurai, kusini mwa India. Kibanda chake kilikuwa kando ya duka la vitambaa: turubai la bluu, viti vya plastiki, na bamba pana la chuma juu ya moto wa gesi. Alichota kwa upawa uji mzito wa mchele na choroko, akaumwaga katikati ya bamba, kisha akauzungusha kwa mgongo wa upawa mpaka ukatanda duara kubwa, jembamba kama karatasi. Hiyo ndiyo dosa. Kingo zilipoanza kunyanyuka na kugeuka rangi ya dhahabu, aliweka katikati viazi vya manjano vilivyopondwa na vitunguu, akaikunja. Ililetwa kwenye sinia la chuma ikiwa ndefu kuliko mkono wangu, ikizungukwa na vibakuli vya mchuzi wa dengu wenye ukwaju, chatini nyeupe ya nazi, na chatini ya kijani ya pilipili. Ukiivunja, inalia. Ukiitafuna, ile ladha ya kuchachuka inakuja taratibu, baada ya siagi na chumvi.

Jumamosi ya kwanza niliagiza kubwa kuliko zote, nikaacha nusu makusudi, nione kama atanifokea. Alimwomba Anti Selvi aifunge, tukampelekea mama saluni. Ya pili nilimdanganya kwamba chatini ya kijani haina pilipili. Alichovya kipande kikubwa, machozi yakamtoka, akanywa maji glasi mbili, kisha akasema, "Eish, umenipata." Hakucheka kwa kujilazimisha, wala hakuninunia. Alisema nami kwa Kiswahili cha kwao, mimi nikamjibu kwa Kiingereza tu, kwa sababu nilijua kinampa taabu. Alinisikiliza hivyo hivyo, akiniomba nirudie pale aliposhindwa. Ya tatu na ya nne zikapita. Nilihamia kwenye idli, vile vikate vyeupe vya mvuke vinavyonyonya mchuzi kama sponji, naye akawa ananiachia kila mara kile cha mwisho.

Jumamosi ya tano nilimuuliza swali lililokuwa likininyima raha tangu mwanzo. Nilimuuliza kwa Kiswahili, asipate kisingizio cha kutoelewa. "Chumba chetu kina kitanda kimoja. Ukija wewe, mimi nitalala wapi?"

Alisimamisha mkono juu ya sinia. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya cherehani yasiyotoka kwenye kucha. "Sijui," alisema. "Sijalifikiria hilo."

Nilikasirika. Mtu mzima anataka kuhamia kwa watu na hajui mtoto wao atalala wapi! Jumamosi ya sita, kabla hata chakula hakijaletwa, nilimwambia hapana. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia." Tukala. Tulipofika saluni alimwambia mama mbele yangu kwamba nimekataa, akaaga. Mama alinitazama mara moja kwenye kioo, akaendelea kusuka. Usiku ule na siku zilizofuata hakuninunia hata kidogo, ila hakuimba alipokuwa akipika, na mimi nilizoea kumsikia akiimba.

Jumamosi ya saba mlango uligongwa saa ile ile. Nilifungua, nikamkuta amesimama na koti lake la kahawia.

"Nilikwambia hapana," nikasema.

"Nilisikia. Sikuja kuomba. Lakini uliniuliza swali, na sikukujibu."

Tulikwenda. Akaniambia, huku Anti Selvi akitumiminia chai ya maziwa, kwamba alikuwa amezunguka wiki nzima akitafuta nyumba ya kupanga. Amepata yenye vyumba viwili, kimoja kidogo chenye dirisha, na hicho kingekuwa changu. "Nisingeingia kwenye chumba chenu. Hata kama umekataa, nilitaka ujue."

"Basi niulize tena," nikasema.

Alitikisa kichwa. "Hapana. Ukiwa na neno, mpelekee mama yako."

Niliacha dosa mezani, nikakimbia mitaa yote ile mpaka saluni, nikamwambia mama mbele ya wateja wake, nikihema, kwamba nimekubali. Mama alijishika uso kwa mikono yote miwili na kulia, na mteja aliyesukwa nusu kichwa akampa leso.

Siku hizi nafanya kazi Sandton, na jirani na ofisi yetu kuna mgahawa unaouza dosa kwenye meza za mbao zinazong'aa. Ni tamu. Sitawadanganya wasomaji kwamba ile ya zamani iliishinda. Nakula pale na wenzangu, na mezani hapo tunaulizana maoni kutwa: mradi huu, mpango ule. Aghalabu anayeuliza amekwisha kuamua. Nikisema hapana, ananieleza upya kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba sikusikia. Huwa namtazama nikimkumbuka fundi wa cherehani ambaye sasa namwita Baba, nami nasema hapana yangu mara ya pili, bila kupandisha sauti.