Mzigo wa Bingwa: Kutoka Shinyalu Hadi Mbio za Farasi

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya fahali aliyeshinda kupita kiasi. Msomaji wa huku Kakamega hatashangaa, lakini wa mbali namweleza: kwetu Isukha, Jumamosi asubuhi fahali wawili hukutanishwa uwanjani, na atakayegeuka akakimbia ndiye ameshindwa. Mjomba wangu, Mzee Shivachi wa Shinyalu, ana fahali mweusi aitwaye Inspekta, kwa kuwa akitokea kila mtu hukumbuka ana shughuli mahali pengine. Alishinda mpaka wenye fahali wengine wakachoka. Mwezi mzima mjomba alizunguka akitafuta mpinzani, na kila boma aliambiwa fahali wa pale ana mguu, ana jicho, ana kikohozi. Mimi nina duka la dawa za mifugo Lurambi, na sikuuza hata chupa moja ya dawa ya kikohozi.

Fahali wa vita asiyepigana ni tumbo tu. Anakula sehemu ya wawili, halimi, havuti mkokoteni, na kamba haizoei. Mchinjaji wa Khayega alikuja kumtazama mara mbili, na mara ya pili alimpapasa mgongo. Jioni mjomba akaniambia, "Mama Faith, Krismasi ikifika kama hii ng'ombe haijapata mwenzake, itakuwa nyama." Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea huruma fahali.

Wiki ile ile shemeji yangu Ombima alipiga simu. Ombima ni mtu wa Khwisero, ndugu ya mume wangu, na kwa miaka mingi amekuwa saisi huko Molo, yaani mtunza farasi wa mbio. Nilimsimulia shida ya mjomba kwa kupitisha muda tu. Akacheka. "Shemeji, huku farasi ikishinda sana inaongezewanga mzigo ibebe. Haikosi wa kukimbia naye. Kujeni muone." Mjomba aliposikia alisema shemeji yangu amelewa. Kesho yake akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka mjini Kakamega. Mjomba alivaa koti lake refu la siku za fahali na kofia ya manyoya, na akabeba kuku mzima aliyepikwa, ingokho kwa lugha yetu, kwa maana hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Kericho tulikunywa chai. Mjomba alitazama mashamba yale ya majani mabichi akauliza ng'ombe wa huko wanakula nini, basi, ikiwa kila mahali ni chai. Saa saba hivi tulishuka Mau Summit, penye baridi ya kukata masikio, na Ombima akatupokea na pikapu ya tajiri wake.

"Mulembe, baba," alimsalimu mjomba, akamwinamia kidogo.

"Mulembe. Shika hii ingokho, halafu unionyeshe hizo farasi zako."

Tulilala kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja karibu na Molo, mahali wanapozalisha farasi wa mbio. Mke wa mpishi alitusongea obusuma, yaani ugali, mgumu sawasawa, na mjomba akatangaza kwamba Molo pana watu.

Jumamosi asubuhi palikuwa na mnada wa farasi wachanga, wale wa mwaka mmoja ambao hawajawahi kupandwa. Nilitarajia kelele za soko la Lubao siku ya ng'ombe. Badala yake watu walisimama kimya kuzunguka duara la nyasi, kila mmoja ana kijitabu, na mwanafarasi mmoja mmoja akatembezwa mbele yao. Dalali hakusifu urefu wala unene. Alisoma ukoo: huyu babake ni fulani, mamake ni fulani aliyezaa washindi watatu, bibi yake alitoka ng'ambo na hakuwahi kushindwa akiwa mdogo.

Mjomba alininong'oneza, "Hawa wananunua ama wanaposa?"

Mama mmoja mwenye mvi, amevaa viatu vya mpira na kalamu imechomekwa sikioni, alimsikia akacheka. Alizungumza Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nchini. Alituambia mwanafarasi wa mwaka mmoja hana rekodi, kwa hiyo mtu hununua jina la mama na mwendo wa miguu, halafu huomba Mungu. Kisha akamuuliza mjomba anaonaje yule mwekundu aliyekuwa akipita.

Mjomba alikunja macho. Huyu ni mzee aliyechagua fahali tangu kabla sijazaliwa, na hakutazama miguu hata kidogo. "Hiyo inaangalia mlango," alisema. "Mnyama yenye kuangalia mlango iko na roho ya kurudi nyumbani. Ile ya nyuma, kadogo, inaangalia wenzake. Hiyo ndiyo ningenunua mimi."

Mama yule aliandika kitu kwenye kijitabu chake. "Na huyo fahali wako, mama yake nani?"

"Alitoka Lugari, kwa wakulima ya mahindi. Alikuwa anapiga mbwa teke." Mjomba alisema hivyo kwa heshima kubwa. Mama akaandika tena, na mimi nikajizuia kucheka. Farasi mdogo aliuzwa haraka, na mjomba akavimba kichwa hadi chakula cha mchana.

Jumapili tulikuwa Nairobi, kwenye uwanja wa mbio. Nawaambia ukweli, nilipenda. Nyasi zimekatwa, familia zimetandika mablanketi, watoto wanakula chipsi, na kila dakika chache tarumbeta inalia. Mjomba alilalamika kwanza kwamba amekosa kanisa, kisha akasahau. Ombima alitupeleka nyuma, mahali pa kuandaa farasi, akatuonyesha farasi jike wake. Ana jina refu la Kiingereza ambalo mjomba alikataa kulijifunza. Masaisi humwita Chai, kwa rangi yake. Alikuwa ameshinda mbio zake tatu za mwisho.

Hapo tuliuona mzigo wenyewe. Joki, yaani mpanda farasi wake, alikaa kwenye mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, akapimwa, na kwa kuwa hakutosha, vipande bapa vya madini ya risasi vikatiwa kwenye mifuko ya tandiko mpaka mizani ikakubali. Chai angebeba kilo sitini. Farasi dhaifu kuliko wote siku ile angebeba hamsini.

Na ni nani aliyekuja kukagua? Mama yetu wa viatu vya mpira, sasa amevaa kofia nzuri. Ndiye hupanga uzito wa kila farasi. Mjomba alimkabili palepale.

"Mama, hii mtoto imekosea nini? Anashinda, unamwadhibu?"

"Simwadhibu, mzee. Namtafutia wa kukimbia naye. Bila mzigo huo, wenzake wangebaki zizini, naye angekimbia peke yake. Mimi kazi yangu nikiifanya vizuri kabisa, wote watafika mstarini pamoja."

"Imewahi kufanyika?"

"Bado," alisema mama. "Nazeeka nikijaribu."

Mjomba aliondoka akilitafuna neno lile. Laiti angeendelea kulitafuna. Dakika kumi baadaye farasi walikuwa wakitembezwa kwenye duara mbele ya watu, na Chai akapita karibu nasi, mpole, kichwa chini, mzigo mgongoni. Mjomba akamwona mnyonge. Sasa, kwetu fahali hapelekwi vitani kimya. Anatolewa bandani alfajiri kwa ngoma za isukuti na pembe, watu wanamwimbia jina njia nzima, na anafika uwanjani damu imeshachemka. Mzee wangu akaegemea ua, akavuta pumzi, akamwimbia Chai wimbo wa Inspekta kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, na mbinja juu yake.

Chai aliruka pembeni. Masikio yalilala nyuma, akaanza kuzunguka, akamkanyaga Ombima mguu, na jasho likamtoka shingoni likawa povu. Watu wote waligeuka kututazama. Ningepata shimo ningeingia, na kofia ile ya manyoya ningeingia nayo.

Ombima hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Baba, nyamaza. Farasi ukimwimbia anakimbia mbio yake yote hapa hapa. Hiyo umemwongezea kilo kumi." Jicho lake lilikuwa jekundu. Farasi akiharibika mkononi mwa saisi, saisi ndiye huulizwa.

Mjomba alivua kofia akaiweka kifuani. Akaishika hapo mpaka farasi walipoingia kwenye mageti ya kuanzia.

Mbio zenyewe ni fupi kuliko kuzisimulia. Mageti yalifunguka, wakaondoka kundi moja, na kwenye kona ya mwisho Chai alikuwa wa tano. Niliona mgongo wake ukishuka kila hatua. Mjomba alikuwa akisali kwa Kisukha, jambo asilofanyia hata mvua. Kisha Chai akajipenyeza kati ya wawili, akamfikia wa mbele, na wakapita mstarini vichwa vikiwa sambamba. Tulingoja picha iliyopigwa mstarini ituamulie. Ilipotoka, Chai alikuwa ameshinda kwa pua. Mjomba alipanda juu ya benchi na nikalazimika kumshika koti.

Tulipokwenda kuaga, mama wa uzito alikuwa tayari anaandika kwenye kijitabu. "Wiki mbili zijazo namwongezea," alisema. Ombima alikuwa anamwosha Chai kwa sifongo, akichechemea. Mjomba alimwomba radhi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na Ombima akamwambia yamekwisha, lakini akija tena aache mapafu nyumbani.

Jumatatu, njia nzima ya kurudi, mjomba hakulala. Kufika Kericho alikuwa ameamua kwamba Inspekta atafungwa magunia ya mchanga. Jumanne tulijaribu gunia moja. Lilidumu mgongoni kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, kisha likapaa, likapasukia kwenye nguo alizokuwa ameanika mke wa mjomba, na Inspekta akaanza kula mahindi ya jirani.

Ilikuwa wakati tunaokota nguo ndipo mjomba aliposimama ghafla na shuka mkononi. "Mama Faith. Yule kijana alisema wimbo ni kilo kumi."

"Kwa farasi, khotsa," nikasema. Khotsa ndilo neno letu la mjomba.

"Na kwa ng'ombe, kukosa wimbo ni kilo ngapi?"

Jioni ile alikwenda Malinya kwa Mzee Ingosi, mwenye fahali kijana aitwaye Tingatinga, na nikamsindikiza. Ingosi alitupa viti na chai, lakini jibu lilikuwa lile lile: "Shivachi, ng'ombe yako tunaiheshimu. Yangu siwezi leta ivunjwe moyo."

Mjomba akamwambia masharti. Inspekta atakuja bila ngoma, bila pembe, bila mtu wa kumwimbia. Atapitishwa njia ndefu ya mtoni, yeye na mwenyewe tu. Na wapiga isukuti wake wote watakwenda kumpigia Tingatinga.

Ingosi aliweka kikombe chini. "Watu yako wapigie yangu?"

"Wote."

Mtu wa Isukha kutoa ngoma zake kwa mpinzani ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mwishowe Ingosi akasema, "Basi nitaileta."

Jumamosi saa moja asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Tingatinga aliingia na ngoma za pande zote mbili, vumbi hadi mawinguni, watu wanaruka. Baada yake, kutoka upande wa mtoni, akatokea mzee mmoja mwenye koti refu na fahali mweusi, wanatembea kimya. Inspekta aligeuza kichwa huku na huku akitafuta sauti zake. Moyo uliniuma, nasema wazi. Mimi ndiye niliyemsimulia shemeji, mimi ndiye niliyekata tiketi.

Walikutanisha vichwa. Hakuna aliyewahi kumwona Inspekta akipigana muda mrefu namna ile. Kwa kawaida alikuwa akimaliza kabla watu hawajakaa. Walisukumana mpaka nyasi zikang'oka. Ngoma zikazidi. Tingatinga alisogea hatua, Inspekta akairudisha. Kisha nikaona mguu wa nyuma wa Inspekta umeteleza, akarudi hatua moja, akarudi ya pili, akageuka, akakimbia.

Uwanja mzima ulimfuata Tingatinga kwa shangwe. Mjomba alibaki katikati, peke yake, kamba mkononi. Niliogopa kumtazama. Nilipomfikia, alikuwa ameshamfuata Inspekta kando ya ua wa shule, na fahali anakula majani, kana kwamba amekuja kwa hilo tu. Mjomba alimshika shingo akaegemea hapo, na mabega yake yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka.

"Amekimbia," aliniambia. "Wote wamemwona."

Na wote walikuwa wamemwona kweli. Papo hapo mwenye fahali mmoja wa Khayega alikuwa ameshafika, amepangusa jasho, anasema, "Mzee Shivachi, Jumamosi ijayo uko na mtu?" Nyuma yake walikuwa wengine, na kila mmoja alikuwa na fahali mzima wa afya. Mimi nilikwenda Nairobi nikidhani tunatafuta namna ya bingwa kuendelea kushinda. Kumbe bingwa anachohitaji ni kuwa na uwezekano wa kushindwa. Hapo ndipo watu humtembelea.

Mjomba alitoa kalamu mfukoni, akanipa. "Andika wewe, Mama Faith. Mimi wacha nifunge ng'ombe."

Nikaandika majina manne nyuma ya karatasi ya dawa ya kupe. Mjomba akamfunga Inspekta kamba, na wakarudi nyumbani kwa njia fupi.