Muhuri wa Mama wa Hoho

Miaka ile baada ya amani kutiwa saini, nilikuwa mnunuzi wa jikoni katika hoteli ya mahema kando ya mto, hapa Juba. Kila asubuhi nilikwenda uwanja wa ndege kupokea nyanya, karoti na pilipili hoho kutoka Nairobi. Nyuma ya ua wetu wa mabati, mama mmoja alilima kudra, mboga ya majani ambayo watu wa huku hawawezi kuishi bila hiyo. Alikuwa amekaa miaka mingi kambini Uganda, akarudi na Kiswahili cha huko, kwa hiyo tuliongea.

Siku moja ndege ilichelewa na mpishi akanitukana mbele ya watu. Kwa hasira nikapita uani, nikamwambia mama yule apande hoho, zikiiva nitazinunua zote. Nilipotoka likizo Kenya nilimletea hata mbegu. Ahadi ni deni, lakini mimi nilishaisahau kabla hata mbegu hazijaota. Yeye aling'oa kudra yote. Kudra ile ndiyo iliyokuwa ikilisha wanawe watatu kila siku.

Hoho zilipokomaa alikuja na beseni kichwani. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Meneja hakuzitazama hata kidogo. Alisema wateja wetu ni mashirika, na mashirika hayalipii chakula kisicho na risiti yenye muhuri. Nilitoka nje nikamwambia mama kwamba bila muhuri hatununui. Nilisema hivyo ili aondoke tu. Nani angedhani mkulima wa jembe na kopo la kumwagilia atatafuta muhuri?

Alitafuta. Baada ya siku chache alirudi, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa muhuri mpya kabisa. Alikuwa amemuuza mbuzi wake wa pekee, akampelekea pesa fundi Mganda kule mtaa wa Hai Cinema, na yule fundi, mwizi mkubwa, akamchongea hoho moja katikati ya duara.

"Dada, muhuri iko," alisema. "Sasa hoteli nanunua?"

Nilicheka. Nilimwita mpishi naye akacheka. Kisha nikamweleza kwamba muhuri hauna maana bila karatasi za serikali za kusajili biashara, na karatasi hizo hazitoki kwa fundi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaurudisha muhuri kwenye fundo. Majirani zake hawakujua hoho zinapikwaje. Nyingi zilinyauka shambani, na wanawe wakala zilizobaki mpaka matumbo yakawauma.

Mwezi uliofuata hoteli ilipokea semina ya siku tatu kuhusu mustakabali wa wakulima wadogo. Wageni walitoka sehemu nyingi, wakaketi chini ya feni, wakasema serikali iweke sera ya kumlinda mkulima na kumtafutia soko. Nilikuwa nikipanga sahani nyuma yao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini Juba wageni tulikuja tukapona wenyewe. Saladi ilikuwa ya hoho za ndege.

Siku ya mwisho mratibu alimwendea meneja akiwa na wasiwasi. Wafadhili walitaka ushahidi kwamba mboga zilinunuliwa kwa wakulima wa hapa. Meneja alinigeukia. Niliogopa kupoteza kazi, na woga ule ulikuwa mkubwa kuliko aibu yangu. Nilichukua kitabu cha risiti nikazunguka ua.

Mama alikuwa akipandikiza kudra upya, miche midogo kama vidole vya mtoto. Nilimwambia muhuri wake sasa umekubaliwa. Hakujua kusoma, kwa hiyo hakujua kwamba nilikuwa nimeandika kuwa hoho zote za semina zilitoka shambani kwake. Alinawa mikono mtoni. Aliupulizia muhuri pumzi, akaukandamiza kwenye risiti kwa mikono miwili, akautazama mchoro ule wa zambarau kwa muda mrefu. Sijamwona mtu mzima akifurahi vile.

"Mimi natoa hii kudra tena?" aliuliza. "Napanda hoho?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini semina nyingine ilikuwa wiki mbili mbele, na mratibu alishatuambia kwamba ushahidi utatakiwa tena.

"Panda, mama," nilimwambia. "Na huo muhuri niachie mimi, usipate taabu ya kuja kila mara."

Aliufuta wino kwa pindo la kitenge chake, akaniwekea mkononi, akanishukuru. Nilipofika kwenye pembe ya ua niligeuka. Alikuwa ameshaanza kuing'oa miche.