Picha ya Yasap

Geua Rarua ni mwandishi wa gazeti mjini Lae. Zamani alikuwa akitoka kutafuta habari pamoja na mpiga picha na dereva. Wote wawili waliachishwa kazi pale ofisi ilipomkabidhi simu janja: aandike kwayo, apige picha kwayo, arushe habari akiwa hapohapo.

Mto Bumbu ulipofurika na kuzoa nyumba za ukingoni, alimkuta mama mmoja, Yasap, ameketi kwenye tope. Mwanawe alikuwa amepatikana asubuhi ile, ameshakufa. Yasap alikubali kupigwa picha ili serikali ione, ila aliomba isitoke kabla hajazungumza na mumewe, aliyekuwa mgodini huko milimani na simu yake haipatikani. Geua akamwahidi. Bosi wake, Sibona, alipopiga simu kudai picha ya uso wa mama, akamkatalia na kumweleza sababu.

Asichokijua ni kwamba ile simu yenyewe ilikuwa ikituma kila picha ofisini, bila kumwuliza. Kabla hajafika barabarani, Sibona alikuwa ameirusha mtandaoni, uso wa Yasap ukaenea mji mzima, na chini yake jina: Geua Rarua. Mume aliuona kwenye simu ya mwenzake, kantini, sahani ya wali mkononi.

Geua alipanda ngazi za ofisi na tope lake miguuni.

"Nilikwambia tusubiri."

"Dada, wenzetu wangetutangulia," Sibona alisema, macho kwenye kompyuta. "Na watu wanaitazama kweli. Sasa hasira za nini?"

"Wewe umemtazama yule mama, au unatazama idadi tu?"

Geua akamsimamia kichwani mpaka akaifuta ile picha. Haikusaidia kitu, watu walikuwa wameshatumiana.

Msibani alipeleka mchele na samaki wa kopo. Mume alikuwa amefika. Hakufoka.

"Jina lako nimelisoma kabla sijasikia sauti ya mke wangu," alimwambia, kisha akampa mgongo.

Geua alikaa na wanawake akamenya viazi vitamu.

Kazi hakuacha, wazazi wanamtegemea. Ila siku hizi, kabla ya kupiga picha, humwambia mtu waziwazi: "Nikibonyeza hapa, inakwenda. Siwezi kuirudisha." Wengi hufunika nyuso. Sibona hulalamika kwamba analeta picha za migongo.

"Ajiri mpiga picha," humjibu, na huondoka bila kungoja neno la pili.