Outcast, na Sinia ya Mama Jirani

Wiki jana nilikuwa juu ya paa la hoteli moja hapa Juba, mtaa wa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, nafunga paneli za sola. Usinicheke, rafiki yangu, nikianza kwa kujisifu. Mimi ni mtoto wa kambi ya wakimbizi Kenya. Nimejisomesha mwenyewe, nina stashahada ya umeme, na mafundi ninaowasimamia, wanaume wazima wenye ndevu, wananiita Injinia. Basi niko juu pale na bisibisi yangu, ndege inatua, nageuza uso kukwepa vumbi, nikauona uwanja mtupu ulioota majani nyuma ya hoteli. Nikamwachia fundi mmoja amalizie, nikashuka.

Tulirudi Juba mimi na nyanya yangu muda mfupi kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, tukapata chumba mtaa wa Hai Mauna. Asubuhi tuliamshwa na jenereta ya mchomeleaji, kisha na wauza maji wakigonga mitungi yao mitupu. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua na kumtafutia nyanya kuni. Ng'ambo ya uzio wa matete aliishi mama jirani, na yeye ndiye aliyekuwa saa yetu ya mchana. Alikuwa akimwaga uji mwembamba wa mtama, uliochachuka, juu ya bamba la chuma lenye moto, anautandaza kwa kipande cha ukindu, na kabla hujapepesa jicho ameubandua mwembamba kama karatasi. Hiyo ndiyo kisra. Harufu ya uchachu wake ilipenya matete yale ikaja kukaa nasi chumbani.

Shuleni nilikuwa na shida yangu. Kiingereza nilikiweza kuliko wote, lakini Kiarabu cha Juba, lugha ya kuchezea na kutaniana, sikukijua. Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza, Mganda mrefu mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope, aliandika ubaoni neno "outcast". Akalieleza kwa Kiswahili chake: "Huyu ni mtu watu wametoa kwao. Hawamwiti, hawamuulizi. Sasa kila mtu atatengeneza sentensi moja."

Mtoto mkubwa wa mama jirani, tuliyekuwa naye darasa moja, akasimama wa kwanza. Akaninyooshea kidole, akasema kwa Kiingereza safi kwamba yule msichana ni outcast kwa sababu ametoka Kenya na hajui kuzungumza. Darasa likaanguka kicheko. Nikamtazama mwalimu nikingoja amchape.

"Sentensi mzuri," mwalimu akasema. "Iko sawa kabisa. Kaa chini."

Kengele ililia kabla ya zamu yangu.

Nilifika nyumbani nimevimba macho. Mama jirani alikuwa amekaa na wanawe kwenye mkeka, sinia katikati, kisra imekunjwa pembeni, mchuzi wa bamia na karanga unafuka mvuke. "Fadal! Taal akulu!" akaniita. Karibu! Njoo ule.

"Asante, mama, nimeshiba."

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kambini, ukila kwa jirani umekula mgao wake, na mgao hauongezwi. Mtoto mwenye adabu hushiba kabla hajaulizwa. Sikujua kwamba Juba adabu ni nyingine.

"Wewe iko nashiba nini?" akauliza. Kiswahili alikipata sokoni, alikouza samaki waliokaushwa katikati ya mabanda ya Waganda. "Moshi yenu sijaona tangu asubuhi. Hapa mtu anakataa chakula ya adui. Mimi adui yako?"

"Mwache, mama," mwanawe yule wa darasani akasema. "Huyo ni outcast."

"Ni nini hiyo?"

Akamweleza kama mwalimu alivyoeleza. Mama jirani akasikiliza hadi mwisho, kidole kikiwa na mchuzi.

"Na huyo mtu anakula wapi?"

"Sijui. Mwalimu hakusema."

"Basi sogea, akae."

Akasogea. Nilipochovya tonge la kwanza aliniinamia akanong'ona, "Lakini sentensi yangu ilikuwa sawa."

Tangu siku ile jina likanikaa. "Outcast, leta chumvi!" "We Outcast, mama anauliza mbona umechelewa!" Nami nilikuwa naruka uzio mbio, nikiitika jina lile kama nimebatizwa nalo. Siku ya uhuru masinia yalitoka nje, yakapangwa barabarani. Watu walikula kwa wasiowajua, bendera mabegani, na nyanya akalia huku anatafuna.

Kisha, zaidi ya miaka miwili baadaye, karibu na Krismasi, vita vikaja. Siku za mwanzo tulilala sakafuni. Milio ilipopungua, wakaanza kupita watu wenye bunduki wakimuuliza kila mtu lugha ya mama yake. Lugha ya nyanya haikuwa na neno wiki ile. Ya mama jirani ilitosha mtu kuuawa. Walikimbia bila kufunga mlango, wakakimbilia kambi ya walinda amani kule Thongpiny. Sinia ilibaki uani, imeegemea ukuta, bado ina majivu ya kusugulia.

Nyanya aliiosha. Akapika kisra, yake nene na isiyo na umbo, akapika bamia, tukaenda. Langoni tukaambiwa walio nje hawaingii. Tukaufuata uzio wa waya, tukiita jina la yule mwanawe mkubwa, hadi mama jirani akatokea katikati ya maturubai, amevaa gauni lile lile la sokoni.

Sinia haikupita kwenye waya. Bakuli la mchuzi nalo halikupita. Nyanya akaishika sinia kwa mikono miwili, akaigeuza upande huu na huu, kana kwamba waya ungemwonea haya. Mwishowe tuliketi chini, wao ndani, sisi nje. Nilikunja kisra, nikaichovya, nikaipitisha tonge kwa tonge. Mama jirani alipokea la kwanza, akalikata nusu, akaurudisha mkono kwangu.

"Fadal," akasema.

Nikala.

"Twende nyumbani, mama," nikamwambia. Alitikisa kichwa. Mwanawe alikuwa ameshika waya kwa vidole. "Outcast," akaniita, "sentensi yako bado. Tengeneza sasa." Nilifungua mdomo. Kiingereza chote nilichojivunia hakikutoka.

"Sinia mkae nayo," mama jirani akasema. "Mimi nitaikuta nyumbani."

Sisi tulipata lori la kwenda mpakani, tukarudi Kenya, na nyanya akazikwa huko. Miaka ilipita, nikarudi na cheti changu. Kambi ile ya Thongpiny ilikuwa imehamishwa, pamebaki ule uwanja mtupu nyuma ya hoteli. Hai Mauna nilikuta mabati mahali pa matete, na watu wageni wasiomjua ninayemuulizia. Nimeuliza kanisani, sokoni, kwa madereva. Naweza kuwasha taa hoteli nzima, lakini hilo sijaliweza.

Leo mafundi wangu wanakula kila mtu na kopo lake la plastiki, macho kwenye simu. Nikipita, wananisalimia vizuri. Hakuna anayesogea.

Nyumbani kwangu New Site, kiwanja nilichokinunua mwenyewe, sinia imeegemea ukuta, upande ule ule. Naisugua kwa majivu kila Jumamosi. Ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Nikila, natumia sahani.