Nilipokuwa Nikipandwa Mchangani

Enzi zetu sisi, mtoto akichelewa kusimama alipandwa. Ndiyo, kupandwa, kama muhogo. Wenzangu mliokulia Bagamoyo habari hii mnaijua, msijifanye mmesahau kwa sababu sasa mna zulia sebuleni. Alasiri jua likipungua ukali, mtoto anabebwa mpaka ufukweni, linachimbwa shimo, anasimamishwa humo, mchanga unarudishwa na kushindiliwa mpaka kiunoni. Halafu anaachwa hapo na kipande cha muhogo wa kukaanga mkononi, miguu ipate nguvu. Watoto wengi walipandwa mara chache, wakachoshwa na mambo hayo, wakatembea. Mimi nilipandwa miaka.

Miguu yangu ilipooza nikiwa natambaa. Ilinijia homa kali, ikakaa, na ilipoondoka ikaondoka na miguu. Baba na Mama walinipeleka hospitali, daktari akawaambia kwa upole kwamba huyu hatatembea, mfundisheni mambo mengine. Habari hiyo alipoletewa Bibi, mama yake Baba, aliuliza jambo moja tu.

"Huyo daktari ana ndevu?"

Akaambiwa hana, bado kijana.

"Basi," akasema Bibi, na akaagiza jembe.

Bibi alikuwa ananiita mke mwenza, kama bibi wote wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kwa kweli tuligombana kama wake wenza. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu nilipopata akili. Kunyanyuka kwake mkekani kulikuwa safari: kwanza Bismillahi, kisha mkono ukutani, kisha Ya Rabi, kisha tunasemwa sote tunaotazama bila kusaidia, na ukienda kumsaidia unaambiwa, "Niache, mimi mgonjwa?" Kwa hiyo kunipanda hakunipanda yeye. Alisimamia kazi kutoka barazani, maana nyumba yetu ilitazamana na ufukwe, na sauti yake ilikuwa nzima hata kama magoti si mazima. "Hamisi! Shindilia! Huyo bado analegea! Mwinue kidevu!"

Hamisi ni kaka yangu. Ndiye aliyekuwa ananibeba mgongoni, ndiye mchimbaji, ndiye mshindiliaji, na ndiye aliyepigwa kofi nikirudi na mchanga masikioni. Alilalamika kila siku na alinibeba kila siku.

Sasa msinionee huruma, nawaomba. Kupandwa kulikuwa raha. Watoto wote wa mtaa walikuwa wanachezea pale nilipo, na mimi nilikuwa na kazi katika kila mchezo. Kwenye kombolela nilikuwa mlinzi wa kopo, na hakuna aliyeligusa bila kung'atwa. Kwenye mdako wa vijiwe hakuna msichana aliyenifikia, kwa sababu mikono yangu ilizoea kufanya kazi ya mikono na ya miguu pia. Wavulana wakicheza mpira nilikuwa nguzo ya goli. Nguzo moja mimi, ya pili rundo la kandambili, na tofauti yetu ni kwamba kandambili hazisemi. Mpira ukipita karibu yangu niliamua mwenyewe kama ni goli au si goli, kutegemea nani kaniletea ubuyu siku hiyo. Wenzangu wakichoka walikaa chini kunizunguka, wanakula kashata, wananipigia umbea, nami niko katikati yao kama mwenyekiti. Leo watoto wanacheza mpira ndani ya simu. Hebu niambie, humo ndani ya simu nguzo inahongwa nini?

Kitu kimoja tu kiliniuma, nacho ni shule. Asubuhi Hamisi akivaa kaptula yake ya kaki na kubeba fagio la zamu, mimi nilibaki na kuku. Akirudi alifanyia hesabu zake pale shimoni, anaandika kwa kijiti mchangani mbele yangu, nami namsahihisha mpaka ananitishia kuniacha hapo mpaka Ramadhani. Nilijua kusoma kabla sijagusa kitabu changu mwenyewe. Niliitaka shule kwa namna ambayo watoto wa sasa hawawezi kuielewa. Salha, binti yake Hamisi, basi la shule linamchukua mlangoni pale Kerege na kumrudisha mlangoni, akishuka tu anajitupa kwenye kochi. "Shangazi, nimechoka." Amechoka na nini? Na kukaa? Kukaa ni fani yangu mimi, na sijawahi kuilalamikia.

Wakati wa kuandikishwa ulipofika, Mama alinifunga mgongoni kwa khanga, Bibi akafuata nyuma na mkongojo wake. Mnakumbuka ule mtihani: unapitisha mkono juu ya kichwa, unashika sikio la upande wa pili, ukilifikia umekua. Nililishika, nikalivuta, nikabadilisha mkono nikashika na la pili, watu wakacheka. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Akasema, "Mleteni, mama, tutamweka pale mlangoni asisumbuke kupita."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi alijinyoosha.

"Mlangoni? Mjukuu wangu ndala? Huyu ataingia darasani kwa miguu yake, akae mbele. Mpaka siku hiyo, kwaheri."

Tukarudi nyumbani. Mama alilia njia nzima kimya kimya, mimi nililia kwa sauti, na Hamisi jioni ile aliambiwa achimbe shimo refu zaidi. Kosa letu watu wa nyumba ile lilikuwa moja: kila mtu alinipenda kwa nguvu zake zote na hakuna aliyethubutu kumbishia Bibi.

Hasa Baba. Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu wa miraba minne, hakumwogopa mtu Bagamoyo nzima ila mama yake. Aliposikia maneno ya shule aliinama tena kwenye baiskeli za watu. Lakini nyuma ya nyumba, karibu na choo, kukaanza kuota kitu chini ya makuti. Leo gurudumu, kesho mnyororo, keshokutwa kiti kilichofumwa kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Baba alikuwa ananitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono. Nyumba nzima tulijua, hata kuku waliokuwa wanatagia kwenye kile kiti, ila Bibi. Baba aliimaliza, akaipaka rangi ya kijani, akaifunika vizuri, akaendelea kuogopa. Wenzangu wakaingia darasa la kwanza, wakaingia la pili. Mimi nikaendelea kulinda kopo.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa alasiri ya bamvua, maji yanajaa haraka. Hamisi amenipanda, ameshindilia, tumeanza mdako. Mara ikasikika kelele kutoka sokoni: mashua zimerudi na vibua vya kumwaga, mnada umeanza. Nyie mnajua vibua vikiingia mtoto anayesaidia kubeba ndoo hakosi kitoweo. Watoto wote wakatimka. Hamisi akanitazama.

"Kaa hapa, nakuja sasa hivi."

Kaa hapa! Nilimtukana, Mungu anisamehe. Niende wapi?

Maji yakaja. Kwanza yakanilamba mchanga wa mbele, yakafuta hesabu za Hamisi, nikacheka. Halafu yakarudi yakanifika tumboni, na mchanga wa mle shimoni ukalowa, ukanikaza. Nikajivuta, sikutoka. Nikaita "Hamisi!" lakini huko mnadani wanaume walikuwa wanapigia vibua kelele. Wimbi likanipiga kifuani, chumvi ikaniingia mdomoni, nikaacha kuita Hamisi. Nikageuza kichwa kule nyumbani, nikapiga ukelele mmoja tu:

"Bibi!"

Alikuwa barazani anapepeta mchele. Ungo ulienda kwake, mchele ulienda kwake. Wallahi sikumwona akinyanyuka. Hapakuwa na Bismillahi, hapakuwa na mkono ukutani. Nilichoona ni mwanamke mzima anashuka ule mchanga mbio, khanga moja mkononi, mkongojo hauonekani, anaruka kamba za ngarawa kama msichana anayecheza rede, na anapiga kelele, "Zuhura! Usiondoke hapo! Mke mwenza, usiondoke!"

Nilikuwa naogopa kufa, na hapo hapo nikaanza kucheka. Usiondoke! Na yeye naye!

Akaingia majini na nguo zake, akachimba kwa mikono, akiitukana bahari kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua. Akanishika kwapani, akaning'oa. Tukaangukia nyuma wote wawili, tukakokotana mpaka pakavu, tukakaa tunatetemeka. Akanipapasa kichwa, mikono, mpaka vidole vya miguu, ile miguu yenyewe.

"Kwa nini hukuita mtu mapema?"

"Nilimwita Hamisi. Halafu nikakuita wewe."

Bibi akalia. Sijawahi kumwona analia kabla ya hapo. Akasema, "Mimi nilitaka uende kwa miguu ili wasikucheke. Watoto wana midomo, mke mwenza. Nilikuwa naogopa midomo yao, na leo ningekuzika kwa ajili ya hiyo midomo." Akajifuta kwa ile khanga mbichi. "Basi. Nimechoka kuogopa. Kesho unakwenda shule."

Nikamuuliza, "Na magoti yako, Bibi?"

Akayatazama. Ndipo yalipomkumbuka. Akajaribu kunyanyuka, hakuweza hata kidogo. Bismillahi ikaja, Ya Rabi ikaja, matusi ya watu wanaotazama yakaja, na wakati huo watu wa kutazama walishajaa, vibua mkononi, Hamisi mbele yao anatetemeka kuliko mimi. Baba akaja mbio kutoka kijiweni kwake na mikono ya grisi. Akatutazama, mama yake na binti yake, hakuna anayeweza kusimama. Akageuka, akaenda nyumbani, akarudi anaisukuma ile baiskeli ya kijani, yai moja bado limo kwenye kiti.

Bibi aliitazama baiskeli, akalitazama yai, akamtazama mwanawe.

"Uliificha tangu lini?"

"Tangu zamani, mama."

"Mjinga wewe," akasema Bibi. "Nipandishe."

Ndiyo maana mtu wa kwanza kupanda baiskeli yangu alikuwa Bibi, mimi nimepakatwa, yai kashika Hamisi. Tulipita mbele ya soko la samaki kama maharusi, watu wanatupigia vigelegele. Mama alitupokea mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile ikawa utani wa nyumba yetu: mgeni akiuliza kama ule mchanga kweli unatibu miguu, Baba anajibu kuwa unatibu sana, ila ulikosea mgonjwa.

Asubuhi yake nilikwenda shule. Bibi alikodi kijana wa mkokoteni ampeleke, maana magoti yalikuwa yamevimba kama maboga, na alikaa kwenye mkokoteni ule kando ya paredi mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Watoto walicheka kweli. Walimcheka yeye, kwa sababu aliimba kwa sauti kubwa na maneno hakuyajua. Mimi walinicheka mpaka mapumziko, halafu wakaanza kupanga foleni ya kuipanda baiskeli. Mwalimu mkuu akanisukuma mwenyewe ndani ya darasa, akapita mlango, akaniweka mbele. Hakunyanyua uso kumtazama Bibi, ila nilimwona anatabasamu.

Siku hizi nafundisha hesabu, na wanafunzi wangu watawaambia kama nina huruma. Kiti changu cha magurudumu ni chepesi, kinakunjika, kinaingia kwenye bajaji bila taabu. Shule yetu ina njia ya mteremko ya kupitishia kiti. Mtoto akipooza leo kuna mazoezi ya viungo, kuna wataalamu wenye subira, hakuna anayepandwa kama muhogo, na alhamdulillahi kwa hilo. Sitaki mtoto yeyote ashikwe na bamvua. Lakini kiti changu kizuri hiki kina kasoro moja: mchangani kinazama. Mimi niliyekulia ufukweni sasa bahari naitazamia barabarani.

Idi iliyopita nilimwambia Hamisi anichimbie shimo. Akadhani nimechanganyikiwa. Hamisi sasa ana kitambi na shinikizo la damu, akachimba anahema, Salha anatupiga picha na kuuliza, "Shangazi, hii ni ya nini?" Hamisi akanishusha, akarudisha mchanga, akashindilia kwa viganja vyake kama zamani. Nikawaambia wakae, wakakaa. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikupata kumwambia Bibi. Miguu haikupata nguvu hata chembe, lakini mle shimoni nilikuwa nasimama. Ni hapo tu, maishani mwangu mwote, wengine wamekaa na mimi nimesimama. Ule mchanga haukupotea bure, nilitamani ajue.

Mara mashua zikaingia, kelele za mnada zikaanza, watu wakaanza kukimbilia. Hamisi akageuza shingo kule, akanitazama mimi, akayatazama maji yaliyokuwa mbali kabisa. Hakunyanyuka. Akanisogelea, akakaa karibu zaidi.

Nami nikageuza kichwa kule ilikokuwa nyumba yetu. Pamejengwa nyumba ya wageni, ukuta mrefu mweupe, baraza halipo. Nikaita, polepole tu, kwa kujaribu: "Bibi!"

Hamisi akajifanya hakusikia, akaendelea kushindilia mchanga.